Daraja la Kituo Limepandishwa

"Rudia hapo mwishoni," dereva alisema. "Hapo mmenitilia maneno mdomoni."

Mpelelezi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Kwa Nini, alirudia kuyasoma maelezo yaliyoandikwa na askari wa zamu: "Niliona maji yamefunika daraja, nikaamua kupita kwa uzembe."

"Kwa uzembe nimesema mimi? Mtu mwenye akili zake anajitukana hivyo mbele ya polisi?"

"Ulisemaje?"

"Nilisema nilipita kwa sababu daraja limepandishwa."

Mama Kwa Nini aliyakata maneno ya askari kwa mstari mmoja, akaandika ya dereva juu yake. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyotiwa karatasi chini ya mguu ili isiyumbe, na dirisha lililotazama ukuta. Mkono wa kushoto wa dereva ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ndio mkono alioung'ang'anizia mti wa ukingoni mpaka wavunaji wa mchanga walipomtupia kamba. Gari la wagonjwa lilikutwa limelala ubavu katikati ya mto. Ndani yake alikuwamo mkunga, amemkumbatia mama mjamzito aliyekuwa akikimbizwa hospitali kuu, na hakuna kati yao aliyekuwa hai. Mkuu wa Upelelezi alikwisha kuamua kwamba dereva apandishwe kizimbani mchana huohuo, ashtakiwe kwa kusababisha vifo, na jalada lifungwe.

"Kwa nini ulidhani limepandishwa?"

"Sikudhani, afande. Nilisikia. Mimi mgeni pale, nimehamishiwa kiangazi hiki. Siku ya sherehe ya Kituo cha Afya tulikaa madereva kule nyuma. Bosi wa mipango akashika kipaza sauti, akasema serikali imejipanga kuhimili mabadiliko ya tabianchi, mafuriko hayatatusumbua tena, daraja la kituo limepandishwa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

"Na ile nguzo ya kupimia maji?"

"Yenye pete nyeupe. Wenyeji waliniambia, maji yakifika kwenye pete usivuke, juu ya daraja yatakuwa kiunoni. Asubuhi ile yalikuwa kwenye pete. Nikajiuliza: pete imechorwa lini? Zamani. Daraja limepandishwa lini? Juzi tu. Basi maji pale juu hayafiki hata gotini. Huku mama wa watu anaugulia, mkunga anagonga kioo, ananiambia, kaka, huyu anatutoka. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mama Kwa Nini alikunja karatasi.

"Kumbe daraja halikupandishwa," dereva akasema. "Anayepandishwa ni mimi. Kizimbani."

Nje, kwenye benchi la ukutani, aliketi dada yake, mwanamke mpana wa mabega aliyeshika shati jeupe kwenye hanga, ameliinua juu lisiguse sakafu.

"Wewe ndiye unayemfunga mdogo wangu?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Basi uliza haraka, mama. Shati nimeshalipiga pasi."

*

Njia ya mtoni ilikuwa ya udongo mweusi, mzito, unaonata kwenye viatu kama gundi. Mama Kwa Nini aliliacha gari juu ya ukingo, akashuka kwa miguu. Maji yalikuwa yamepungua, na daraja lilionekana lote: zege kuukuu lenye ukungu wa kijani pembeni, vyuma vya kushikilia vimeng'olewa upande mmoja, limelala chini karibu na maji kama kizingiti cha mlango. Alilizunguka. Alitafuta zege jipya, alama ya mbao za kumwagia, kokoto zilizosalia, chochote ambacho mafundi huacha nyuma. Hakukuta kitu. Tangu lilipojengwa, hakuna mkono uliokuwa umeligusa.

Barabarani, mahali njia inapochepuka kwenda Kituo, lilisimama bango la mbao: MRADI WA KUPANDISHA DARAJA LA KITUO. UMEKAMILIKA. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na namba ya simu ya mkandarasi.

Alilipiga picha bango lile, akaikunja ngumi. Picha ya uhalifu ilionekana wazi kabisa: mkandarasi amelila daraja zima, nguzo na vyuma, akafuta mdomo. Alimfuata akiwa tayari ameshika pingu.

Namba ile ya simu ilimfikisha kwenye kibanda cha bati kilichojaa makopo, ngazi na brashi zilizolowekwa kwenye mafuta ya taa. Mkandarasi, ambaye majirani walimwita Fundi Brashi, alikuwa akichora jino kubwa kwenye kibao cha daktari wa meno.

"Wewe ndiye uliyepandisha daraja la Kituo?"

"Ndimi. Umeipenda kazi?"

"Liko wapi?"

"Afande, umepita pale usilione? Herufi za bluu, kubwa hivi."

Alipanda naye garini, akamwelekeza Kituoni, akanyoosha kidole juu ya mlango mkuu. Mama Kwa Nini alisoma: KITUO CHA AFYA. DARAJA LA KWANZA.

"Lilikuwa La Pili," Fundi Brashi alieleza. "Nikalifuta, nikaweka La Kwanza. Na ukuta nikaupaka. Kwenye makaratasi walisema kupandisha daraja, nami nimepandisha."

"Na kule mtoni?"

"Mtoni nikafanye nini? Mimi fundi rangi. Labda niwapake samaki."

Mama Kwa Nini hakucheka. Alizirudisha pingu mfukoni. Chini ya maandishi yale ya bluu, kwenye kizingiti, mtu alikuwa ameweka viatu vya mpira vya mkunga, vimeoshwa, vimepangwa sambamba, kana kwamba mwenyewe ameingia ndani mara moja tu.

"Siku ya sherehe ulikuwepo?"

"Nilikuwa juu ya ngazi namalizia A ya mwisho. Bosi wa mipango alituchelewesha mpaka watoto wa shule wakachoka kuimba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuchungulia. Kumbe mwenzetu kazunguka njia ya mlimani. Gari jeupe limekuja kama tofali."

"Kuna njia ya mlimani?"

"Ipo, ya udongo mwekundu, ndefu mpaka unasinzia. Anayepita kule ni mtu anayeogopa daraja."

*

Ofisi ya Mipango ilikuwa na korido ndefu yenye vibao kwenye milango: Barabara, Afya, Elimu, Kilimo. Mwisho kabisa, jirani na jenereta, palikuwa na mlango usiofunga vizuri ulioandikwa Tabianchi. Ndani aliketi mwanamke mmoja mwembamba ambaye ilimbidi ahamishe majalada kutoka kwenye kiti ili mgeni apate pa kukaa.

"Wewe ndiye sekta ya tabianchi?"

"Mimi sina sekta," Afisa wa Tabianchi alisema kwa sauti ya juu kuishinda jenereta. "Mimi ni wa kujumuishwa."

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyepotea njia."

"Ni hivi, dada. Ilitoka amri kwamba mambo ya tabianchi yasiwe na mpango wake pembeni, ambao ungewekwa kabatini ukaliwa na mende. Yaingizwe ndani ya mpango mkuu wa maendeleo wa taifa, sekta kwa sekta. Anayejenga barabara ajue mvua si zile za baba yake. Anayelima vilevile. Wazo zuri, na nililipigania mimi mwenyewe. Lakini humu ndani wameligeuza. Kwao kujumuisha maana yake ni kila sekta iwe na sentensi moja yenye harufu ya tabianchi, basi, kazi imekwisha."

"Na daraja?"

"Nilikwenda pale kwa miguu yangu. Nikazungumza na wauguzi, na wavunaji wa mchanga. Wote wakasema mto umebadilika, unapanda ghafla, na daraja la kituo liko chini mno. Nikaandika."

"Uliandikaje? Neno kwa neno."

Afisa alifumba macho. "Kupandisha daraja la kituo ili lihimili mafuriko."

"Ukaipeleka wapi?"

"Barabara. Kitabu cha mpango kilipotoka nikatafuta kwenye sura ya Barabara, sikuiona. Nikamuuliza Mpangaji Mkuu kwenye ngazi. Akaniambia imejumuishwa, akanipita. Mimi nikashukuru. Dada, nilisema asante."

"Nani hugusa sentensi kabla hazijachapwa?"

"Yeye wa mwisho. Hata nukta haipiti bila yeye."

Mama Kwa Nini alisimama. Mlangoni akageuka.

"Lihimili," alisema. "Una hakika?"

"Daraja lihimili. Ningesemaje tena?"

*

Ofisi ya Mpangaji Mkuu ilikuwa na zulia la rangi ya maziwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa sauti ya upole, mwenye kalamu tatu mfukoni na desturi ya kuzipanga upya anapozungumza. Nyuma ya kiti chake ilitundikwa picha ya siku ya sherehe: yeye, mkasi, utepe, tabasamu, na umati wa watu. Mama Kwa Nini aliitazama picha ile, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Nimesikitika sana, mama," Mpangaji Mkuu alianza. "Sana. Yule mkunga alinipokea kwa mikono miwili siku ile. Lakini tuwe wakweli. Hapa hakuna mhalifu. Kuna lugha tu. Daraja ni la mtoni, na daraja ni la hadhi. Kiswahili chetu ndicho kimetuponza."

"Kwa hiyo ulipoisoma sentensi, ulielewa ni hadhi ya Kituo."

"Kama ambavyo ungeelewa wewe."

"Unaikumbuka?"

"Ninayo kichwani. Niliisoma mbele ya waziri." Alipanga kalamu zake. "Kupandisha daraja la kituo ili kihimili mafuriko ya wagonjwa."

"Kihimili."

"Ndiyo."

"Kihimili nini?"

"Kituo. Kituo kihimili. Wagonjwa wameongezeka, hewa imebadilika, malaria imepanda milimani. Ni tabianchi hiyo."

"Afisa wako aliandika 'lihimili mafuriko'. Daraja lihimili."

"Basi ni makosa ya uchapaji."

"Makosa ya uchapaji hayaongezi wagonjwa."

Mpangaji Mkuu aliiacha kalamu ya pili ikiwa imelala.

"Nifuate taratibu, mheshimiwa," Mama Kwa Nini aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo watu wa ofisini kwake walijifunza kuliogopa. "Mtu aliyedhani kwa dhati kwamba daraja ni hadhi, angekutana na sentensi inayosema hadhi ya Kituo ihimili mafuriko. Angekwama. Hadhi haisimami mtoni. Angemwita mwenye sentensi, amuulize: una maana gani? Wewe hukumwita. Ulitoa 'li' ukatia 'ki', ili kinachohimili kisiwe daraja. Halafu ukaongeza wagonjwa, ili mafuriko yasiwe ya maji. Neno halikukuchanganya hata kidogo. Ulilirekebisha. Na mtu harekebishi asichokielewa."

"Hiyo ni sarufi," Mpangaji Mkuu alisema. "Huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa sarufi. Hata kama nilihamisha sentensi, niliamini wenzetu wa Barabara wamelishughulikia lile la mtoni. Niliamini limepandishwa."

"Uliamini?"

"Kabisa."

"Basi kwa nini siku ya sherehe ulizunguka mlimani?"

Mama Kwa Nini alielekeza kidole kwenye picha, nyuma ya utepe na tabasamu, ambapo gari jeupe la serikali lilionekana limeegeshwa chini ya kivuli cha ukuta. Kuanzia kwenye magurudumu hadi kwenye vitasa vya milango, gari lilikuwa jekundu.

"Ule ni udongo wa mlimani. Wa njia ya mtoni ni huu."

Aliunyanyua mguu wake, akaukanyaga katikati ya zulia, akaubonyeza. Ulipoinuka, uliacha alama nyeusi, nene, yenye umbo la soli.

Mpangaji Mkuu aliitazama alama ile, na alipozungumza ule upole ulikuwa umemtoka.

"Unajua mpango wa taifa unavyoandikwa, mama? Unajua? Siku ya kuuwasilisha ilikuwa imefika. Waziri anataka kila sekta iwe na tabianchi ndani yake. Kila sekta. Barabara wamekwisha kufunga orodha yao, hawataki kusikia. Afya hawana hata sentensi moja. Ningekwenda na tundu? Nikachukua iliyokuwepo, nikaziba."

"Ulichukua daraja."

"Nilichukua sentensi."

"Kisha ukasimama na kipaza sauti, mbele ya madereva wa magari ya wagonjwa, ukawaambia limepandishwa. Na wewe mwenyewe ulikuwa umetoka kulikwepa."

"Nilisoma hotuba. Sikujua kuna madereva."

"Ulidhani wagonjwa wanasafirishwa na nani? Na hotuba?"

Aliivuta simu ya mezani ya Mpangaji Mkuu bila kuomba ruhusa, akabonyeza namba ya ofisini kwake. Sauti ya Mkuu wa Upelelezi ilitoka kwa nguvu kiasi kwamba wote wawili waliisikia.

"Karani wa mahakama ananisubiri. Dereva yuko tayari?"

"Dereva hapandi kizimbani, mkuu. Nakuletea mwingine. Amekiri kwa kinywa chake kwamba alijua daraja halijaguswa, akawatangazia watu limepandishwa."

"Nani huyo?"

"Mpangaji Mkuu."

"Mama Kwa Nini, kuwa na adabu. Yule ni mtu mzito. Una ushahidi gani?"

"Silabi moja na udongo."

"Unanitania."

"Ukimpandisha dereva leo, mkuu, nitakuwa shahidi wake wa kwanza, na nitayasema haya mbele ya hakimu na ya mume wa mkunga. Nipo njiani naye."

Akaiweka simu chini. Akamwonyesha Mpangaji Mkuu mlango. Yule mtu alisimama, akazikusanya kalamu zake, akaizunguka ile alama ya kiatu kwenye zulia asiikanyage.

*

Dada yake dereva alikuwa bado kwenye benchi, mkono wake wa kulia ukiwa umeliinua shati vilevile tangu asubuhi. Alimwona Mpangaji Mkuu akipitishwa kuelekea chumba cha mahojiano, akasogeza miguu yake ili apite, kisha akamtazama mpelelezi.

"Huyo naye ni nani?"

"Ni mtu aliyepandisha daraja kwa mdomo."

Dereva alitolewa, hana viatu, na bendeji yake imechafuka. Alisimama akiangalia huku na huku kama mtu aliyeshushwa kwenye mji asioujua.

"Niende?"

"Nenda. Usitoke nje ya mji. Nitakuhitaji kama shahidi."

"Na shati?" dada yake aliuliza. "Nimelipiga pasi la mahakamani, sasa nirudi nalo?"

"Alivae," Mama Kwa Nini alisema. "Mkunga anazikwa alasiri hii kwao, ng'ambo ya mto."

Dereva alilipokea shati. Aliupitisha mkono mzima kwanza, kisha dada yake akamsaidia ule wa bendeji, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama alivyomfunga utotoni. Alipofika kwenye cha mwisho, dereva akauliza:

"Afande, nipite njia gani?"

Mama Kwa Nini alitazama dirishani. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi.

"Ya mlimani," alisema. "Ni ndefu. Ondokeni sasa hivi."

Yeye mwenyewe alikwenda kwa Fundi Brashi. Alimkuta akilikausha jino la daktari kwa kulipepea na gazeti, akamwamuru abebe ngazi, kopo la rangi nyeusi na brashi nene. Hakumweleza kitu hadi walipofika njia panda, mbele ya bango la mradi, ambapo mvuke wa mvua ulikuwa tayari unanukia na mto umeanza kuunguruma kule chini.

"Niliondoe lote?" fundi aliuliza.

"Nimeshalipiga picha. Liache. Futa 'ume', weka 'hauja'."

Fundi Brashi alisoma kwa midomo, bila sauti, jinsi mstari utakavyokuwa. MRADI WA KUPANDISHA DARAJA LA KITUO. HAUJAKAMILIKA. Akajikuna kidevu kwa mpini wa brashi.

"Lakini afande, mtu mgeni akisoma hapa, atajua ni daraja lipi?"

Mama Kwa Nini alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kuuliza swali hilo.

"Ongeza 'la kuvukia mto'," alisema. "Herufi kubwa. Zisomeke kwenye mvua."

Tone la kwanza liliangukia kwenye kifuniko cha kopo. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, akaikita kwenye udongo mweusi ili isiteleze, na fundi akapanda, akachovya brashi, akaanza na H.